Mnaodai mahakama maalumu ya bunduki, Jamaica walishaijenga mwaka 1974. Njooni tuone walichovuna

#1 Karani Mstaafu

Wakuu, salaam.

Kila akivamiwa wakala wa pesa za simu kwa bunduki, humu haipiti nusu saa kabla mtu hajaandika kwamba kesi za silaha ziundiwe mahakama yake. Bila dhamana, bila kuahirisha, hukumu ndani ya wiki. Juzi nilianza kuhesabu maoni ya aina hiyo kwenye uzi mmoja, yalipofika kumi na moja nikaacha. Sikuja kumkejeli mtu. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi na hasira hiyo naijua inapotoka. Ila ipo nchi iliyofanya hivyohivyo mnavyotaka, na wengi wetu tunaijua kwa muziki tu.

Kingston, mwanzoni mwa 1974. Waziri Mkuu ni Michael Manley, ameshinda uchaguzi wa 1972. Mitaa ya mabanda imegawanywa na vyama viwili, PNP cha Manley na JLP cha upinzani, na vijana wa pande zote mbili wameshahama kwenye visu, sasa wanashika bastola. Kisha ndani ya muda mfupi wanauawa watu wenye majina mjini, wafanyabiashara na mwanasheria. Hapo ndipo nchi ikatetemeka. (Maskini walikuwa wanakufa siku zote, wala bunge halikuitishwa.) Sheria mbili zikapita kwa mpigo. Moja iliwapa polisi na wanajeshi mamlaka ya kupekua bila hati. Ya pili iliunda Gun Court, Mahakama ya Bunduki, ikaanza kazi tarehe 1 Aprili 1974.

Mahakama yenyewe iliwekwa South Camp Road. Wakaizungushia seng'enge, wakapaka rangi nyekundu ili kila mpita njia ajue pale si mahali pa mchezo. Chumba cha kuhukumia na gereza vilikuwa ndani ya uzio mmoja. Unasomewa hukumu upande huu, unatembea hatua chache, umeshafika jela.

Ndani hakuna baraza la wazee wa kuamua ukweli wa mashtaka (jury, yaani raia wa kawaida), wanaamua mahakimu wenyewe. Milango imefungwa, mwandishi wa habari haingii, ndugu yako haingii. Dhamana hakuna. Ukikutwa na bunduki au risasi bila kibali, adhabu ni moja tu: kifungo na kazi ngumu mpaka Gavana Mkuu atakaporidhia utoke. Hakuna idadi ya miaka. Anayepima kama umeiva kutoka ni bodi ya watu watano, wengi wao si majaji.

Watu walishangilia. Hilo nalisema wazi, maana leo ni rahisi kumbebesha Manley peke yake.

Haikufika miaka miwili. Washtakiwa wanne wakakata rufaa mpaka London kwenye Baraza la Mfalme (Privy Council), wakati huo la Malkia, maana Jamaica ilikuwa imejitawala tangu 1962 ila rufaa ya mwisho bado ilikuwa kwa Mwingereza. Kesi inaitwa Hinds, imetolewa uamuzi Desemba 1975, na wanafunzi wa sheria wa nchi zote za Jumuiya ya Madola wanaisoma mpaka leo. Majaji watatu kwa wawili wakasema hivi. Bunge halina ruhusa ya kuchukua kazi ya jaji wa Mahakama Kuu aliyelindwa na Katiba ikampa hakimu mkazi ambaye kinga hiyo hana, hata kama jina la mahakama limebadilishwa. Na kuamua mtu akae jela muda gani ni kazi ya mahakama, haikabidhiwi bodi. Kufunga milango hawakukugusa, walisema hiyo inaruhusiwa.

Aliyeandika uamuzi wa wengi ni Lord Diplock. Ni yuleyule ambaye mwaka 1972 aliongoza tume iliyopendekeza kesi za wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini zisikilizwe na jaji mmoja bila baraza, mpaka zikaitwa kwa jina lake. Maana yake ni kwamba hata mtu asiyeogopa mahakama maalumu aliona hii imepita mpaka.

Mwaka 1976 wakairekebisha, jaji wa Mahakama Kuu akawekwa, na adhabu ikawa kifungo cha maisha kwa lazima. Mwaka 1983 wakalegeza, jaji akarudishiwa hiari ya kupima adhabu. Mahakama ipo mpaka leo, na nyingine iliongezwa Montego Bay.

Sasa matokeo. Mwaka ule wa 1974 waliouawa Jamaica nzima walikuwa kama 200. Mwaka 1980, mwaka wa uchaguzi, karibu 900. Mwaka 2005 walipita 1,600, kwenye kisiwa chenye watu wasiofika milioni tatu. Na wapenzi wa reggae mnakumbuka 3 Desemba 1976, Bob Marley alipopigwa risasi ndani ya nyumba yake Hope Road, siku mbili kabla ya tamasha. Mahakama ya Bunduki ilikuwa ina miaka miwili na miezi minane, jiji hilohilo. Kwa tukio lile hakuna aliyewahi kusimama kizimbani.

Hoja yangu ni hii. Kesi ya bunduki haikwami mbele ya hakimu. Hukwama kabla haijafika kwake. Ukijenga chumba kipya mwishoni mwa mfereji ulioziba, utapata chumba kikavu, au utapata kile kinachopita kirahisi kwenye mfereji huo, yaani mnyonge aliyekutwa na bunduki mkononi.

Nawasilisha.

#2 Mpita Njia

Nimeweka kambi hapa, nawasoma tu.

#3 Chalii wa Unga Ltd

Mkuu umeandika vizuri ila umetuletea takwimu za mauaji kana kwamba mahakama ndiyo iliyoleta bunduki. Jamaica ilikuwa na vita ya vyama, cocaine imepita pale ikielekea Marekani, bunduki zinatoka Florida kwenye makontena na nyingine zinabadilishwa na bangi Haiti. Mahakama gani ingezuia hayo? Labda bila Gun Court wangekufa 3,000. Huwezi kujua.

#4 Karani Mstaafu

Chalii, hapo umenibana kihalali. Sisemi mahakama iliongeza mauaji. Nasema waliiuza kwa wananchi kama dawa ya bunduki, na dawa ile ilikuwa inagusa mkono ulioshika tu. Hayo makontena ya Florida uliyoyataja hayakuwahi kupandishwa kizimbani South Camp Road. Jamaica haina kiwanda cha bunduki, bastola nyingi zilizolia pale zilishuka bandarini au ufukweni mbele ya macho ya mtu.

#5 Mama Wakala

Mimi nasoma nikiwa nyuma ya kioo cha kibanda changu, na kioo nimeweka baada ya kuvamiwa.

Walikuja wawili, saa mbili kasorobo usiku, nikiwa nahesabu floti. Aliyeshika bunduki alikuwa anatetemeka kuliko mimi, nikaogopa zaidi kwa hilo, maana anayetetemeka anaweza kuifyatua bila kutaka. Walichukua pesa, simu tatu na kitabu cha kumbukumbu. Kitabu sijui walikitakia nini.

Walikamatwa. Mkasema polisi hawafanyi kazi, mimi walinifanyia. Kilichonimaliza ni mahakama. Niliitwa ushahidi mara sita. Mara ya kwanza mwendesha mashtaka ana kesi nyingine. Ya pili mshtakiwa mmoja hakuletwa, gari la magereza bovu. Ya tatu hakimu yuko semina. Ya nne nilifika mpaka mlangoni, wakasema bunduki haijarudi kwa mtaalamu wa silaha. Kila siku ya hizo nafunga kibanda, na nauli ni yangu. Na mnajua tunakaa wapi? Kwenye benchi moja la korido na ndugu wa washtakiwa. Siku ya tano mama wa yule aliyekuwa anatetemeka alininunulia soda. Akaiweka pembeni yangu bila kusema neno. Sikuinywa, na sikuweza kuikataa.

Siku ya sita sikwenda. Kesi ikafa.

Sasa nyie wenye Jamaica na Lord nani sijui, niambieni kwa nini mimi nisitake mahakama moja, hakimu mmoja, kesi za bunduki tu, nikiitwa mara moja nimalize.

#6 Binti Makorora

Huu ndio mchango wa uzi. Pole sana dada.

#7 Ras Kinyerezi

Soda imeniumiza kuliko bunduki.

Mleta mada asante kwa Hope Road. Nyongeza kidogo: siku mbili baadaye Bob alipanda jukwaani hivyohivyo na jeraha. Na wakati ule nchi ilikuwa kwenye hali ya hatari tangu Juni, wanajeshi barabarani, watu wamewekwa kizuizini bila mashtaka. Yaani kulikuwa na mahakama maalumu na hali ya hatari kwa pamoja, na wale jamaa waliingia getini kwa magari.

#8 Wakili wa Kona

Niingie kama mtu wa kazi, maana watu wanadai kitu ambacho nusu yake tunacho.

Kwa Tanzania, ukikutwa na silaha au risasi kinyume cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hushtakiwi peke yake kwa sheria hiyo. Hati ya mashtaka inaiunganisha na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Ndiyo maana unasikia mkulima wa ndani kabisa ameshtakiwa kwa "uhujumu uchumi" na kijiji kizima kinauliza ameiba benki gani. Kesi ya uhujumu uchumi kwa asili yake ni ya Mahakama Kuu, na tangu 2016 kuna divisheni maalumu ya rushwa na uhujumu uchumi, ile mliyoibatiza mahakama ya mafisadi. Ili hakimu wa wilaya au mkazi aisikilize kesi ya bunduki, lazima kuwe na karatasi mbili za DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka: ridhaa ya kushtaki, na hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka.

Karatasi hizo mbili ndizo zimewatoa watu wengi kuliko ushahidi wa upande wa utetezi. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi nyingi, za silaha na za nyara za serikali, kwa sababu ridhaa ilitaja kifungu kidogo kisicho sahihi au iliingizwa kwenye jalada bila kumbukumbu ya kupokelewa. Mtu ameshatumikia miaka sita ya ishirini, anatoka, na swali la kama bunduki ilikuwa yake halijawahi kujibiwa na ngazi ya juu. Mwenye makosa anafurahi, asiye na makosa amepoteza miaka sita, na aliyevamiwa haambiwi chochote.

Kwa hiyo Mama Wakala, unyang'anyi wa kutumia silaha uliofanyiwa una adhabu isiyopungua miaka thelathini na hauna dhamana. Ukali tunao wa kutosha. Unachodai wewe ni ratiba.

#9 Mama Wakala

Basi nipeni ratiba. Jina mtajua wenyewe.

#10 Providence TZ

Niko Rhode Island, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Huku walifanya kitu kinachofanana na ratiba anayoitaka Mama Wakala, na walikiita hivyohivyo Gun Court, ila msidhani kuna jengo jekundu. Providence mwaka 1994 walitunga sheria ya kutenga kalenda ya kesi za bunduki kwenye mahakama yao ileile ya kawaida. Jaji anayejulikana, mafaili ya bunduki tu, muda wa kuanza kusikiliza umewekwa. Baraza la wazee lipo, wakili yupo, milango wazi, unaweza kuingia kukaa nyuma na kahawa yako (kahawa wanakunyang'anya mlangoni, nimejaribu). Wastani wa kesi ulikuwa zaidi ya siku 500 tangu kufunguliwa mpaka kuisha, ukashuka mpaka kama siku 126.

New York nao wakafuata mwaka 2003, wakianzia Brooklyn. Na Birmingham, ya Alabama si ya Uingereza, mwaka 1995 walianzisha ya watoto. Kijana akikutwa na bastola anapelekwa kambini wiki nne, na wakati yuko huko mzazi wake naye analazimika kuhudhuria mafunzo. Akitoka anafuatiliwa. Hiyo sehemu ya mzazi ndiyo iliyonifurahisha, maana huku bastola ya mtoto mara nyingi imetoka kwenye kabati la nyumbani.

Sisemi Marekani wamemaliza bunduki, msinicheke. Nasema neno ni moja na vitu ni viwili.

#11 Karani Mstaafu

Providence, umesema vizuri kuliko mimi. Ukiniletea kalenda nasaini leo. Ukiniletea seng'enge nakataa.

Ila angalia jambo moja: kwao jaji aliharakisha kwa sababu faili lilimfikia limekamilika. Maabara ya polisi imejibu, shahidi ameitwa na kulipwa siku yake. Siku ya nne ya Mama Wakala, ile ya bunduki kutorudi kwa mtaalamu, hata umpe hakimu bora duniani mwenye kesi moja tu mezani, angeahirisha. Angekaa anaangalia saa.

#12 Kapenguria254

Mimi ni wa huku Kenya, West Pokot, na hili suala kwetu si la vibanda. Kwetu bunduki ni ng'ombe, ni mpaka, ni mahari. Tangu Februari 2023 serikali ilipoanzisha operesheni ya Maliza Uhalifu huku North Rift, wanashika vijana na AK. Sawa. Kijana ana miaka kumi na saba, hajui kusoma, alipewa bunduki na babake mkubwa alinde mifugo kwa sababu jirani pia anayo na polisi wako kilomita sitini. Aliyeiuza yuko ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini ama Karamoja ya Uganda. Unampeleka huyo kijana korti maalum ndio iweje?

Korti maalum tunazo. Kuna ile ya Kahawa, pale karibu na Kamiti, ya kesi za ugaidi. Ilijengwa kwa sababu nzuri, usalama wa mashahidi na mahabusu. Lakini korti ikishakuwa na vifaa vyake na ulinzi wake, serikali huanza kuona kila mtu anafaa kupelekwa huko. Mwaka 2025 vijana waliokamatwa kwenye maandamano walijikuta huko wakisomewa mashtaka ya ugaidi. Hiyo ndiyo shida yangu na mahakama maalum yoyote. Mlango ukishajengwa lazima upate watu wa kuuingia.

#13 Chalii wa Unga Ltd

Kapenguria, hapo umegusa. Na hata yetu ya mafisadi ilipoanza watu waliuliza mbona wateja wenyewe hawaonekani.

Lakini narudi Jamaica. Mleta mada ameishia 2005 makusudi. Mbona hasemi ya juzi? Novemba 2022 wameleta sheria mpya ya silaha, ukikutwa na bunduki haramu unaanzia miaka kumi na tano. Na mauaji 2024 yameshuka kwa karibu asilimia 19 kutoka 2023. Ukali umefanya kazi.

#14 Karani Mstaafu

Sikuficha, uzi ulikuwa umeshakuwa mrefu. Ni kweli, sheria ilianza 1 Novemba 2022, na kabla ya makali kuanza kuuma walitoa wiki mbili za msamaha, rudisha bunduki uende zako.

Lakini tazama, mahakama haikubadilika. Ilikuwa palepale kwa miaka 48. Sitakuambia nini kimeshusha idadi, maana kwa wakati huohuo wamewekeza kwenye polisi, upelelezi wa magenge na operesheni za maeneo maalumu. Wewe ukisema ni miaka kumi na tano, mwingine atasema ni upelelezi. Mimi nakumbuka tu kwamba mwaka 1976 walikuwa na kifungo cha maisha cha lazima, kikali kuliko hicho, na miaka minne mbele idadi ikapanda zaidi ya mara mbili.

#15 Mstaafu wa Kova

Nimefanya kazi ya ulinzi wa umma muda mrefu, nisiseme wapi. Mnajadili mahakama, hamjagusa kielelezo.

Bunduki ikikamatwa, kuanzia mkono wa askari aliyeikamata mpaka mezani kwa hakimu, kila mkono ulioipokea lazima uandike. Hati ya ukamataji isainiwe na aliyekamatwa na shahidi huru, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Namba ya silaha isomwe palepale. Ikifika kituoni inaandikwa kwenye rejista ya vielelezo. Mtaalamu akiipima anaandika. Usiku saa nane, mvua, tochi ya simu, askari wawili na watuhumiwa watatu, niambie nani anakumbuka kuandika namba. Kesho yake anaiandika kituoni, na hapo wakili mjanja ameshashinda.

Kama mna pesa ya kujenga mahakama maalumu, ninunulieni mifuko ya vielelezo yenye namba, na mtaalamu wa silaha mmoja kwa kila kanda. Mengine fanyeni nyie wasomi.

#16 Wakili wa Kona

Afande, sisi mawakili wajanja tunakushukuru kwa miaka yote ya tochi ya simu.

Utani pembeni, huyu ndiye aliyesema jambo la kupelekwa bungeni. Na nyongeza: panya road, yale magenge ya vijana yaliyowatesa watu Dar, wengi walishika mapanga. Mahakama ya bunduki isingewaona kabisa.

#17 Binti Makorora

Karani, huko mwanzo umesema "mnyonge aliyekutwa na bunduki mkononi" ukakimbia. Umekaa masjala miaka yote hiyo, hukosi mfano. Tupe.

#18 Karani Mstaafu

Nilikuwa naukwepa. Haya.

Yupo mzee mmoja, mkulima wa mahindi pembezoni mwa hifadhi, mkoa siutaji. Alikamatwa na gobore. Wasiolijua: ni bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, bomba la chuma la fundi wa kijijini, kitako cha mti, namba haina kwa sababu aliyeitengeneza hakuwa na namba. Lilikuwa la baba yake. Kazi yake ilikuwa kulipua usiku nguruwe pori na nyani wakimbie shamba. Leseni alidhani ni ya bunduki za dukani.

Mashtaka: uhujumu uchumi, kama alivyoeleza Wakili. Nakumbuka gobore lilipoletwa masjala lilikuwa limefungwa karatasi kwa uzi wa katani, limeandikwa jina lake kwa kalamu ya wino, na wino umetiririka kwa unyevu. Halikuingia kabatini kwa urefu, likasimamishwa pembeni ya mlango nyuma ya ndoo ya deki. Kila asubuhi mhudumu analisogeza, anapiga deki, analirudisha.

Upelelezi haujakamilika. Mtaalamu alitakiwa athibitishe kwamba lina uwezo wa kufyatua. Siku kumi na nne, siku kumi na nne, siku kumi na nne. Mzee analetwa na karandinga, anasimama, anakaa, anarudi. Kandambili zake moja ya bluu, moja ya kijani, maana rumande vitu hupotea. Alikaa miaka miwili na miezi kadhaa. Kwa kipindi hichohicho ilipita mezani kwangu kesi moja tu ya mtu aliyeingiza silaha za kweli, na yule alikuwa na mawakili watatu na faili lake lilikwenda haraka sana. Ndiyo maana nasema, mkifungua mahakama ya bunduki kesho, foleni itajaa magobore. Ndiyo yanayokamatika. Na takwimu zitapendeza.

#19 Mama Wakala

Huyo mzee hakupaswa kukaa hata wiki. Ila usitumie mzee wa gobore kumfunika aliyenivamia mimi. Hao ni watu wawili.

#20 Karani Mstaafu

Ni kweli kabisa, na sina la kukujibu. Mahakama inayoweza kuwatofautisha hao wawili siku ya kwanza, mimi nitaipigia debe popote, iitwe maalumu au isiitwe.

#21 Providence TZ

Hapo ndipo mwendesha mashtaka anapotakiwa kuwa mtu mzima. Kuchuja kabla faili halijafunguliwa. Huku si malaika, lakini wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo tu.

#22 Kapenguria254

Na kwenu si huwa kuna msamaha wa kusalimisha? Huyo mzee angeipeleka kituoni.

#23 Mstaafu wa Kova

Huwa upo, serikali hutangaza na watu husalimisha, magobore ndiyo mengi. Shida tangazo linasomwa redioni na kwenye mkutano wa mjini. Na mkulima anaogopa kutembea na gobore kilomita thelathini kwenda kituoni, maana akikutana na doria njiani, nani atamwamini kwamba alikuwa anakwenda kulisalimisha?

#24 Ras Kinyerezi

Karani, umetuacha njiani. Mzee aliishia wapi?

#25 Karani Mstaafu

DPP aliondoa mashtaka, ile wanaita naintiwani. Wanaoijua wanajua kwamba kwa naintiwani mtu aliweza kuachiwa ndani akakamatwa tena nje ya mlango, faili jipya. Yeye hawakumkamata tena.

Alikuja dirishani kwangu kusaini. Hakujua kusaini, nikampa kidau cha wino, akaweka dole. Nikampa karatasi ya kufutiwa mashtaka. Akaikunja mara nne akaitia mfukoni, akabaki amesimama. Nikamuuliza, mzee, kuna jambo lingine? Akaangalia kule nyuma ya ndoo ya deki, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwanangu, na bunduki yangu nayo naondoka nayo leo, au nirudi baada ya siku kumi na nne?"